Chapa ya Magunia

Nakuru,
Gereji ya Kalasinga, karibu na stesheni ya reli.
Jumapili.

Kwa mke wangu, Mama Zuhura,

Nakusalimu wewe, na ninamsalimu binti yetu Zuhura, kwa kuwa najua ndiye anayekusomea. U hali gani? Ule mguu uliokuwa ukivimba kila jioni umepoa? Paa la jikoni limekwisha kuezekwa, au mnahamisha meko kila mvua inaponyesha? Mimi ni hai, nakula, nalala. Baridi ya huku haijaniua kama ulivyonitabiria.

Utamsikia Zuhura akikwama anaposoma. Usimlaumu. Huu ni mwandiko wa mkono wa kushoto, nao umenichukua siku nne. Sababu nitaieleza mahali pake. Nawe Zuhura, soma yote, pamoja na yale utakayotamani kuyaruka. Mama yako si mtoto.

Neno la kwanza ni hili: usiuze nyumba. Katika barua iliyopita nilikuagiza umwambie kaka yako Mbwana atafute mnunuzi wa nyumba ya Likoni, kisha uje tukae huku. Ninaitangua amri hiyo. Kama karatasi zimekwisha kuletwa, usitie dole gumba. Mbwana akikasirika, mwambie ni mimi niliyekataza. Sasa sikiliza kwa nini.

Unakumbuka jinsi kampuni ilivyohama Mombasa. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba mwenye kiwanda atakayehamia miji ya bara atapewa kiwanja bila kodi kwa miaka kumi, atasamehewa ushuru wa mashine, na atakopeshwa nusu ya gharama za ujenzi. Ulikuwa mpango mzuri, na hata leo sitasema vinginevyo. Uhuru umekuja, mashamba ya wazungu yanauzwa, na watu waliokuwa vibarua humo wamemiminika mjini bila kazi. Serikali ilitaka kazi ziwafuate watu waliko. Kwa hiyo iliweka sharti moja: watu mia mbili wa eneo hili wawe kazini, na Afisa wa wizara aje mwenyewe kuwahesabu.

Sisi hatukuwa na mia mbili. Kiwanda kinafuma magunia ya mkonge, na mashine zilizofika kwa treni zilitosha watu themanini. Mimi, karani mkuu, nilijua, kwa maana ndimi niliyezipokea stesheni. Nilimwuliza Meneja, na aliniambia, "Mzee, mashine nyingine ziko njiani." Kisha akanionyesha nyumba ya kampuni kule mtaa wa Free Area, yenye bomba la maji ndani na ua wa kupanda mchicha, akasema, "Hii ni yako, mke wako akija." Sikuuliza tena. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Siku ya kuandika watu, lango lilifunguliwa saa moja asubuhi. Walikuwa wamefika tangu alfajiri, labda mara tatu ya idadi tuliyoitaka, kutoka Kaptembwo na kutoka mashambani upande wa Njoro. Lango lilipofunguka waliingia kama maji. Mtu mmoja alianguka, na waliokuwa nyuma walimkanyaga mkono hata nikausikia ukivunjika. Ulilia kama kuni kavu. Wala hakutoka kwenye mstari. Aliushika mkono wake kwa ule mwingine, akaja mezani kwangu, akataja jina lake. Nilimwandika.

Tatizo lilikuwa udanganyifu. Mtu aliitika majina matatu. Mwingine aliandikwa, akatoka kwa nyuma, akarudi akiwa amebadilisha kofia ili amwandikishe nduguye. Wewe wanijua. Nimefundisha darasani miaka ishirini, na mtu anayeitikia jina lisilo lake hunichemsha damu. Basi wazo lilikuwa langu. Tulikuwa na chapa ya kupigia magunia, mche wa mkonge uliochongwa kwenye kipande cha chuma, na wino mweusi usiotoka kwa sabuni. Nilimshauri Meneja kwamba kila aliyeandikwa apigwe chapa hiyo chini ya kiganja cha kushoto, na nambari yake iandikwe kando. Meneja alicheka kwa furaha. Nilizipiga chapa hizo mwenyewe, nikaandika kitabuni majina, nambari na mahali kila mmoja anapoishi, kwa mwandiko wangu ule unaoujua. Wasiojua kuandika walitia dole gumba, nami niliwakemea mmoja mmoja. Niliwaambia kwamba mtu mzima asiyeweza kutia sahihi ni nusu mtu.

Nambari sitini na moja ilikuwa ya mtu aitwaye Ndirangu. Alikuwa pande la mtu, mkamuaji wa ng'ombe wa zamani katika shamba la mzungu karibu na Njoro. Shamba lilipouzwa, aliondolewa pamoja na mkewe. Nilipompiga chapa aliitazama, akacheka hata mstari wote ukacheka naye.

"Mwalimu," alisema, "hata ng'ombe ya mzungu ilipigwa chapa. Lakini hiyo ilikuwa inalishwa!"

"Tia dole lako upite," nilimwambia.

"Natia. Na kesho nikijua kuandika, nitakuandika wewe."

Afisa alikuja keshoye. Ni kijana msafi, mwenye miwani. Watu themanini walikuwa kwenye mashine. Waliobaki walipewa mifagio, au walikunjua magunia na kuyakunja yale yale tangu asubuhi hata alasiri. Ndirangu aliviringisha pipa tupu kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na kila alipopita mbele yangu alinikonyeza. Afisa alihesabu, akatia sahihi, akanywa chai, akaenda zake. Saa kumi Meneja aliwatoa wote wasio na mashine.

Aliwaambia langoni, "Msioshe hiyo alama. Mashine zikifika nitaita wenye alama peke yao."

Walimwamini kwa sababu ya chapa. Kama wangalikuwa wameandikwa kwenye karatasi tu, wangalitawanyika baada ya wiki moja. Lakini kitu kilichopigwa kwenye ngozi ya mtu hakisahauliki. Kila asubuhi walikaa nje ya lango, mikono ya kushoto juu ya magoti, wakituzuia sisi wa ofisi tusipite bila kuiona.

Kisha wakatokea wenye chapa za uongo. Mmoja alijichora mche wa mkonge kwa unga mweusi wa betri, akaja kukaa nao. Walimgundua. Walimlaza chali juu ya mataruma ya reli iliyopita mbele ya lango, wakaunyosha mkono wake, wakaikwangua ile picha kwa kigae cha chupa mpaka nyama ikaonekana nyeupe kabla ya kuwa nyekundu. Nilikuwa dirishani. Yule mtu alikuwa akiita mama yake. Ndirangu ndiye aliyemshika miguu. Nalisema hili usije ukamdhania malaika.

Mashine hazikuja. Wino ukaanza kufifia, kwa kuwa ngozi ya mtu si gunia, hujibadilisha. Hofu iliyowapata sijapata kuiona hata wakati wa njaa. Walikuwa wakiificha mikono isipigwe na jua. Hawakuoga upande huo. Siku moja Ndirangu alikuja dirishani kwangu akiwa na kitambaa mkononi. Alikifungua. Alikuwa ameifuata chapa yangu kwa wembe, mstari kwa mstari, mche na nambari, kisha akasugua masizi ndani ya mikato. Mkono ulikuwa umevimba na unatoa harufu.

"Mwalimu, yangu sasa haiishi," aliniambia.

Nilimpa iodini na pamba kupitia dirishani. Nilimwambia ni mjinga. Sikumwambia kwamba hakuna mashine iliyoagizwa, ingawa wakati huo nilikuwa nimekwisha kuona barua zote, na hakuna hata moja iliyotaja mashine. Wiki iliyofuata nilihesabu tisa waliofanya kama yeye.

Kulikuwa na ukaguzi wa pili, ambao bila huo serikali haitoi sehemu iliyobaki ya mkopo. Safari hii Meneja aliwaogopa wenye chapa. Alileta watu wengine kwa lori kutoka Solai, akawavika ovaroli mpya na kuwapitisha langoni asubuhi. Wale wa nje waliliona lori. Waliona ovaroli. Hakuna aliyepiga kelele, Mama Zuhura. Walisimama tu, wote kwa pamoja, wakaokota mawe ya reli.

Gari la Afisa lilipoingia, walilikimbilia lango. Walinzi walikuwa kumi, wakiongozwa na mtu tunayemwita Sajini kwa kuwa aliwahi kuwa jeshini, nao walikuwa na marungu na mipini ya sururu. Jiwe la kwanza lilimpasua mlinzi mmoja jicho. Baada ya hapo walinzi hawakuchagua wa kumpiga. Nilimwona mzee wa rika langu akipigwa mpini mdomoni, akainama kuyatafuta meno yake mchangani, akapigwa tena kisogoni.

Ndirangu hakutupa jiwe. Alikuja mpaka kwenye nondo za lango, akaupitisha mkono wake wa kushoto hadi begani, ule wenye mikato, akaunyosha kumwelekea Afisa.

"Afisa! Angalia hapa! Mimi ni wa hapa! Sitini na moja!"

Sajini aliupiga mkono huo kwa rungu juu ya kiwiko. Mfupa ulitoka. Mkono ulipinda mahali usipopindia, ukanasa kati ya nondo, naye hakuweza kuuvuta. "Sitini na moja," aliendelea kusema. Sajini alifungua mlango mdogo wa pembeni, akatoka nje, akampiga kichwani. Alimpiga mara nne. Mtu yule hakuanguka, kwa kuwa mkono ulikuwa umemshikilia. Alining'inia pale, miguu imekunjika, mpaka polisi walipofika na kukata nondo.

Afisa aliondolewa kwa mlango wa nyuma. Meneja alimwambia ni wezi wa mkonge, wamezoea kuvamia. Polisi waliambiwa hivyo hivyo, wakaandika hivyo. Watu kumi na mmoja walikamatwa kwa kuvamia na kuiba.

Baada ya siku mbili alinijia mke wa Ndirangu, jina lake Wangari. Ni mwanamke mdogo wa umbo, asiye na maneno mengi. Hakulia. Alisimama mlangoni pa chumba changu, koti la mumewe mkononi.

"Nimemwona mochari," alisema. "Wameandika karatasi. Mtoto wa jirani amenisomea. Imeandikwa jina yake, na mbele ya jina imeandikwa mwizi."

"Pole, mama," nilimwambia.

"Sitaki pole. Wewe ulimwandika kwa kitabu yako. Uliandika mwizi?"

"Niliandika mfanyakazi."

"Basi waambie."

Siku hiyo hiyo Meneja aliniita. Juu ya meza palikuwa na funguo za nyumba ya Free Area. Alisema, "Mzee, kile kitabu cha majina kilete leo, nitakitunza mimi." Chini ya meza palikuwa na ndoo ya majivu, na bado ilikuwa ikifuka moshi. Nilimjibu kwamba kitabu kiko nyumbani, nitakileta kesho. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumdanganya mwajiri. Kitabu kilikuwa ndani ya kabati langu, hatua tano kutoka pale tuliposimama; jioni nilitoka nacho nimekificha ndani ya koti.

Nilifikiri juu yako nikirudi chumbani. Nilifikiri juu ya bomba la maji ndani ya nyumba, na mguu wako usiotaka tena kubeba ndoo. Nilifikiri pia juu ya wale themanini wenye kazi ya kweli, ambao kiwanda kikifungwa watakaa nje pamoja na wengine. Sikulala vizuri. Asubuhi nilivaa koti langu la Idi, nikakichukua kitabu, nikatembea nacho kwapani katikati ya mji hadi ofisi za serikali, nikaomba kumwona Afisa wa wizara, aliyekuwa hajaondoka Nakuru.

Alikisoma akiwa amesimama. Alifika ukurasa wa Ndirangu, akalitazama dole lake gumba jeusi.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

"Ni wangu, bwana."

"Na hizi chapa?"

"Ni zangu pia. Wazo lilikuwa langu."

Alivua miwani. "Unajua msaada ukisimama, kiwanda kinafungwa? Na wewe umo ndani yake."

"Najua. Lakini yule mtu si mwizi. Aliitwa kazini, na aliyemwita ni mimi."

Alikaa, akaniandikia karatasi ya kupokea kitabu, akaniambia niondoke Nakuru kwa treni ya alasiri, nisipite kiwandani.

Nawe sasa utashika kichwa. Nilipita kiwandani. Nilikuwa sijaandika barua ya kuacha kazi. Mtu haondoki kazini kwa kutoroka. Mkataba wataka notisi, na funguo za kabati la karatasi zilikuwa mfukoni mwangu, si mali yangu. Niliandika barua hiyo kwenye benchi la stesheni, nikaisahihisha, nikainakili upya kwa usafi, nikaipeleka.

Meneja aliisoma yote. Aliikunja. Habari ya kitabu ilikuwa imekwisha kumfikia kwa simu, sijui kutoka kwa nani.

"Mzee, wewe ni mtu wa adabu sana," alisema. Kisha alitoka, akamwachia Sajini mlango.

Walinipeleka ghala la magunia, watu watatu. Ilikuwa saa sita mchana na mashine zilikuwa zikienda, kwa hiyo hata kama ningalipiga kelele hakuna ambaye angalisikia. Walinipiga kwanza mbavuni, kwa buti, nikiwa chini. Mmoja alinivuta ndevu akisema, "Mswahili wa kanzu! Si urudi kwenu Mombasa ule nazi?" Nilimeza jino. Kisha waliniinua, wakanisimamisha mbele ya meza ya chapa, ile ile.

Sajini aliniuliza, "Mwalimu, unaandika na mkono gani?"

Nilimwambia ukweli. Mpaka leo sijui kwa nini. Nimelelewa hivyo, nikiulizwa hujibu.

Waliulaza mkono wa kulia juu ya meza, vidole vimetanuliwa, wakavipiga kimoja kimoja kwa kile kipande cha chuma chenye mche wa mkonge. Nilizimia kwenye kidole cha tatu. Hospitalini waliviona vyote vitano vimevunjwa, kwa hiyo waliendelea bila mimi. Aliyeniokota nje ya ukuta ni Kalasinga huyu mwenye gereji, mtu nisiyemfahamu, aliyekuwa akipita na pikapu yake. Ndiye ninayekaa kwake. Hunipikia dengu kali mno na kunigombeza nisipomaliza.

Sasa matokeo. Serikali imesimamisha msaada wote. Meneja ametoweka. Sajini yuko ndani, na walinzi wake wawili. Wale kumi na mmoja wametolewa. Lango limefungwa kwa mnyororo, na mashine zimefunikwa kwa magunia yake yenyewe. Wale themanini wako nje, na mmoja wao, fundi niliyemfundisha kusoma gazeti, alikuja hospitalini akasimama kando ya kitanda changu, akanitemea mate usoni. Sikujifuta mpaka alipoondoka. Sijui watoto wake wamekula nini leo.

Wangari alikuja pia, na maziwa katika chupa. Alikuwa na karatasi ya polisi. Neno lile limekatwa kwa mstari, na juu yake limeandikwa jingine kwa wino wa bluu. Aliniomba nimsomee. Nilimsomea: mfanyakazi. Aliniomba mara ya pili, nikamsomea tena. Aliikunja, akaiweka ndani ya koti la mumewe, akaenda kumzika.

Nitasafiri daktari akiniruhusu. Mtumie salamu zangu kaka yako Mbwana, na umwambie asimkasirikie mnunuzi, anikasirikie mimi. Msalimie mama mkwe wako, mamangu, lakini mambo ya ghala usimwambie; mwambie nimeumia kazini, nayo ni kweli. Msalimie jirani yetu fundi cherehani, na imamu wa msikiti wetu, na wajukuu wote. Zuhura, umesoma vizuri. Mpe mama yako maji.

Limebaki jambo moja, Mama Zuhura. Siku tulipoandikisha ile nyumba, ulitia dole gumba mbele ya karani, nami niliona haya. Njia nzima ya kurudi sikusema nawe. Ulinyamaza, nami nilidhani hukutambua. Ulitambua.

Sahihi yangu ilikuwa ya mkono wa kulia, na haitarudi. Gereji hii haina kibweta cha wino, ina grisi tu. Nimechovya dole gumba la kushoto, lile lililokatwa na mbuzi ya kukunia nazi Ramadhani yetu ya kwanza, ukanifunga kwa upande wa kanga yako. Litazame kovu, linapita katikati. Utajua ni mimi.

Mumeo,

(dole gumba)